Mwarobaini hauna kwinini, jamani

Juzi tena. Mama mmoja wa makamo kaingia na kifuko cha kaki, kamwaga mezani majani makavu, anasema ni mwarobaini. "Mwanangu, hii kwinini ni kali! Nimekunywa vikombe vitatu." Nikamwuliza kwinini imetoka wapi. "Kwani si chungu?"

Haya basi. Kwinini, dawa ya malaria, hutoka kwenye gome la mkwinini, Cinchona, mti wa milima ya Andes ambao Wajerumani waliupanda Amani, Usambara, na ambao Kivu, kule Kongo, umelimwa kwa miaka mingi. Ni Rubiaceae, ukoo wa mbuni, mti wa kahawa. Mwarobaini, Azadirachta indica, ni Meliaceae, ukoo wa mkangazi na wa mkomafi wa kwenye mikoko. Koo hizi mbili hazijawahi hata kuoleana.

Ndani ndiko tofauti inakozidi. Kwinini ni alkaloidi, kemikali ya mimea yenye naitrojeni; kila molekuli ina naitrojeni mbili. Uchungu wa mwarobaini ni wa limonoidi: kaboni, hidrojeni na oksijeni, naitrojeni hakuna. Mti huanza na triterpeni, molekuli ya kaboni 30, hukata nne mkiani, zikabaki 26, kisha hukaa ukizipachika mapambo mpaka upate kitu kama azadiraktini, C35H44O16. Wanakemia Butterworth na Morgan waliitenga mwaka 1968. Kuiunda maabara kuliwachukua kina Ley, mkemia wa Cambridge, miaka 22, wakamaliza 2007. Mwarobaini wa uani kwenu huifanya kila msimu, na wala hauombi ruzuku.

Jina limonoidi limetokana na limonini, ile inayofanya mbegu ya chungwa au limau iwe chungu ukiitafuna. Mbona hakuna anayesema chungwa lina kwinini?

Hapa ndipo ninapochoka. Ulimi ni bawabu, si maabara. Binadamu ana jeni 25 hivi za vipokezi vya uchungu, na kemikali chungu hazihesabiki, kwa hiyo vitu visivyohusiana kabisa hugonga mlango mmoja. Shubiri ni chungu. Strikinini ni chungu kupita kiasi, na inaua. Bawabu anachosema ni "huyu simwamini", basi. Sisi tumemgeuza daktari: anachokataa ndicho tunachokunywa.

Nikiri jambo. Gedunini na nimbolidi, limonoidi zote mbili za mwarobaini, huua vimelea vya malaria kwenye vyombo vya maabara. Kwa hiyo sithubutu kumcheka yeyote. Ila hata spiriti ingeviua humo. Safari ya kutoka kikombeni, kupitia tumbo na ini, hadi damuni kwa kiwango cha kutosha ni habari nyingine. Tena azadiraktini, ambayo kila mtu huitaja, imejaa kwenye kokwa, majani yana kidogo tu, na sifa yake kubwa ni kuwaharibia wadudu hamu ya kula na kujivua gamba. Mafuta ya hizo kokwa msimnyweshe mtoto kamwe. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wadogo walioharibika ini na ubongo baada ya kupewa.

Na hata vipimo vyetu sisi watafiti tunavyovichapa kwa majivuno nina mashaka navyo. Mti hadi mti, msimu hadi msimu, namna ya kukausha: namba zinabadilika, nasi tunaandika "mwarobaini una kiasi hiki" kana kwamba ni chupa ya kiwandani.

Nirudi kwa mama. Majani yalikuwa yamepukutika, na kwa vijani vitupu sikuthubutu kuapa. Nikamwomba aniletee tawi zima. Kesho yake kalileta: jani limegawanyika, na kila kigawe kimegawanyika tena. Mwarobaini hugawanyika mara moja tu. Ule ulikuwa mmelia, Melia azedarach, binamu yake mwenye matunda ya sumu.

"Sasa kwinini yangu je?"

Nikamwambia, mama, mwaga hiyo, twende zahanati ukapimwe.