Viza ya kumpeleka mgonjwa ng'ambo: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Daktari akishasema "huyu apelekwe India", nyumba nzima hupata kazi. Simu hupigwa Mombasa nzima, Kibokoni, Majengo na Likoni, grupu la WhatsApp la mchango hufunguliwa, na kabla ya magharibi kila jamaa ana ushauri wake kuhusu viza. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Lakini mwingi si kweli, na anayeumia kwa kuuamini ni mgonjwa: siku zake zinapotea, pesa alizochangiwa zinaliwa, na wakati mwingine anafungiwa mlango kwa miaka 10. Nimekaa na familia kadhaa tukipanga makaratasi haya, na maneno ninayoyasikia ni yale yale. Nitayachukua jinsi yanavyosemwa.

"Usitaje ugonjwa. Sema anakwenda kutembea."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu husemwa kwa sauti ya mtu anayejua. Watu wanadhani afisa wa viza anaogopa ugonjwa. Anachohofia hasa ni mambo mawili: bili ya hospitali isiyo na mlipaji, na mgeni asiyerudi kwao. Mgonjwa anayeleta barua ya daktari wake wa hapa, barua ya hospitali atakakotibiwa, makadirio ya gharama na ushahidi wa pesa za kulipa, ameshajibu hofu zote mbili kabla ya kuulizwa. Mzee wa miaka 70 mwenye matatizo ya figo, ambaye hajawahi kutoka Kenya, akisema tu kwamba anataka kuuona mji wa Chennai kule India, hajajibu hata moja.

Tena nchi zenyewe zimeshaweka njia ya kusema ukweli. India ina viza ya matibabu, na Mkenya anaweza kuiomba kwa mtandao ikiitwa e-Medical. Marekani huweka matibabu ndani ya viza ya B-2, ile ile ya watalii, ila mgonjwa hutakiwa aeleze ugonjwa wake, nani atamtibu, kwa muda gani na nani atalipa. Uingereza hutumia viza ya mgeni ya kawaida, na anayehitaji matibabu ya kulipia kwa zaidi ya miezi 6 anaweza kuomba hadi miezi 11, mradi awe na cheti cha kupimwa kifua kikuu.

Uongo nao una bei yake. Kanuni za Uingereza humfungia aliyedanganya kwenye maombi kwa miaka 10. Sheria ya Marekani huweza kumfungia mtu maisha yake yote, mpaka apate msamaha maalum. Na hata viza ikishatoka, afisa wa uwanja wa ndege bado ana haki ya kuuliza upya na kumrudisha mtu. Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, bahasha ya eksirei mapajani, mfuko wa dawa mkononi. Atamwambia nani kwamba amekuja kutalii? Kwa India kuna jambo jingine: aliyeingia kwa viza ya utalii hawezi kupandikizwa kiungo. Familia inayojua kabisa kwamba safari ni ya figo isijaribu njia hiyo.

"Barua ya hospitali ikishafika, viza imepatikana."

Barua ni mwanzo tu. Kwa e-Medical ya India inatakiwa iwe kwenye karatasi rasmi ya hospitali na itaje tarehe ya kupokewa mgonjwa, hata kama ni ya makadirio. Barua nzuri hutaja pia ugonjwa, aina ya matibabu, muda na gharama. Ile ya mistari miwili inayosema "tunamkaribisha mgonjwa wetu" irudishwe, iandikwe upya.

Lakini hapa kwetu pwani kinachokwamisha zaidi ni majina. Kitambulisho kinasema Fatuma Ali. Pasipoti inasema Fatma Aly Mohamed. Ripoti ya skani imeandikwa Mama Salim, kwa kuwa ndivyo mwanawe alivyomtaja mapokezi, na hospitali ya India imenakili jina hilo hilo kutoka kwenye picha ya ripoti iliyotumwa kwa WhatsApp. Afisa anaona watu watatu. Kazi ya kwanza kabisa, hata kabla ya kutafuta nauli, ni kukaa na pasipoti mkononi na kulinganisha kila karatasi herufi kwa herufi. Ripoti za hapa ziombwe upya kwa jina la pasipoti. Hospitali ya nje itumiwe ukurasa wa pasipoti wenye picha, ndipo iandike barua. Karatasi isiyoweza kurekebishwa ifuatane na hati ya kiapo iliyofanywa kwa wakili. Cheti cha ndoa cha Kadhi kitoeni kabatini mapema, maana ndicho kitakachomtambulisha mume anayemsindikiza mkewe.

Na pasipoti yenyewe iangaliwe: India inataka iwe na angalau miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu. Yenye miezi minne imekwisha kwa safari hii, japokuwa tarehe yake haijafika.

"Jaza akaunti wiki moja kabla ya kuomba."

Steitimenti ya benki husomwa kama hadithi. Akaunti iliyokuwa ikipokea elfu kumi kumi, ghafla imeingia milioni moja na nusu Jumatatu, na maombi yametumwa Ijumaa. Hata kama pesa ni halali, zinanuka mkopo wa kuonyesha tu.

Watu wetu wengi hutibiwa kwa mchango, na mchango hauna aibu wala kosa. Kosa ni kuuficha ndani ya akaunti ya mtu mmoja bila maelezo. Uandikwe ulivyo: barua fupi ya mweka hazina ikieleza mchango ulianza lini na umefika ngapi, steitimenti ya laini ya M-Pesa au paybill iliyotumika, na risiti ya benki pesa zilipohamishwa. Kama ami mmoja ndiye aliyetoa nusu nzima, aandike barua yake mwenyewe, aambatanishe kitambulisho na steitimenti zake. Ikiwa hospitali imeshapokea malipo ya awali, risiti yake ina nguvu kuliko maneno yote ya barua.

"Mwanawe yuko London. Atamdhamini, na matibabu kule ni bure."

Hapa kuna makosa mawili yaliyoshikana mikono. Udhamini wa mtoto husaidia kuonyesha nani atalipa na mama atalala wapi. Hauonyeshi kwamba mama atarudi. Afisa anamtazama mwombaji, na mwombaji ni mama. Hana hati ya mshahara, kweli, lakini ana maisha: nyumba ya Kisauni kwa jina lake, pensheni, kodi anayokusanya, mume, wajukuu anaowalea, daktari wa hapa atakayeendelea kumwangalia akirudi. Hayo yote yana karatasi, na mara nyingi familia haizileti kwa kudhani ni mambo ya nyumbani.

Ama ule ubure, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, humtoza mgeni wa muda mfupi asilimia 150 ya bei yake kwa matibabu ya hospitali. Huduma ya kwanza kwenye kitengo cha dharura haitozwi, ila akilazwa wodini hesabu inaanza. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza baadaye. Mtoto anayempeleka mama "kutembea", kisha siku ya pili akampeleka hospitali, anamwekea mama deni na rekodi mbaya kwa pamoja.

"Kadi ya homa ya manjano hupatikana hata siku ya safari."

Kadi inaweza kuandikwa siku hiyo. Haitafaa. Kenya imo katika nchi zenye homa ya manjano, na India humtaka kila anayetoka huku awe amechanjwa siku 10 kabla. Anayefika bila cheti halali anaweza kuzuiwa karantini hadi siku 6. Hebu fikiria mgonjwa wa moyo, ambaye hospitali imempangia kitanda, anakaa chumba cha karantini kwa sababu jamaa alisema "kadi si tatizo, kuna mtu".

Kinyume chake, waliochanjwa zamani huambiwa kadi yao ya miaka 10 imeisha. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, na kadi za zamani zimo. Tafuteni kadi ya chanjo aliyopewa mzee alipokwenda Hija, kabla ya kumdunga sindano nyingine.

Na hili mlizingatie sana: chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa za kemo, aliyepandikizwa kiungo, au ambaye kinga yake imeshuka, asichanjwe kwa sababu tu safari inakaribia. Wazee waliopita miaka 60 pia wazungumze na daktari kwanza. Daktari akiona haifai, ataandika cheti cha msamaha wa kitabibu. Kifuatilieni mapema, na muulize ubalozi kitapokewaje, maana msamaha si hakikisho la kupita bila kuzuiwa. India ina ofisi yake ya ubalozi mdogo hapa hapa Mombasa. Si lazima upande SGR kwenda Nairobi kuuliza swali moja.

"Anayemsindikiza ataingia kwa viza ya mgonjwa."

Kila mtu na viza yake. India ina viza ya msindikizaji, na mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili. Familia inayotaka kwenda watu watano ichague wawili. Chagueni anayeweza kukesha na kuzungumza na madaktari, hata kama mkubwa wa familia atanung'unika.

Anayekwenda kutoa figo ni habari nyingine kabisa. Sheria ya India ya mwaka 1994 inawatambua jamaa wa karibu: mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi na wajukuu. Binamu na mpwa hawamo. Uhusiano lazima uthibitishwe kwa vyeti, ubalozi wa nchi yao kule India uweke muhuri wake, na kamati ya idhini iwahoji. Upasuaji haufanyiki mpaka hayo yaishe. Vyeti vya kuzaliwa vya mgonjwa na mtoaji vianze kutafutwa siku ile ile vipimo vya damu vinapoanza. Na muulizeni daktari wenu kwanza, kwa sababu figo hupandikizwa hapa Kenya pia, Kenyatta na Eldoret.

"Mpe wakala, ana mtu ndani."

Wakala wa kukusaidia kujaza fomu hana ubaya. Anayekuahidi viza anakuuzia asichokuwa nacho. Viza ya mtandao ya India inaombwa kwenye tovuti ya serikali yao yenye mwisho wa .gov.in, na kuna tovuti nyingi zilizopambwa zikafanana nayo zinazotoza mara mbili au tatu. Ada ya Marekani ni dola 185, ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, na hazirudishwi ukikataliwa. Anayesema "nipe laki mbili, ukikosa nakurudishia" hasemi lugha ya ubalozi wowote. Fomu aliyoijaza yeye isomwe yote kabla ya kutumwa, maana sahihi ni ya mgonjwa, na uongo ulioandikwa humo utahesabiwa wake.

"Bima ya safari italipia matibabu."

Haitalipia. Bima ya euro 30,000 inayodaiwa na nchi za Schengen ni ya dharura na ya kumrejesha mtu kwao, si ya ugonjwa uliomtoa nyumbani. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, nayo hutaka idhini yake ipatikane kabla ya safari.

"Siku zikiisha, hospitali itatuombea."

e-Medical ya India hudumu siku 60 tangu kuingia mara ya kwanza. Kemo na mionzi hupita hapo kwa urahisi. Kuongeza muda ni kazi ya familia, kupitia ofisi yao ya wageni iitwayo FRRO, kwa maombi ya mtandaoni, na yatumwe kabla siku hazijaisha. Mwombeni daktari anayemtibu barua mpya inayosema matibabu yamefikia wapi na yamebaki kwa muda gani. Muombeeni pia msindikizaji, kwa sababu yake nayo inaisha.