Je, Wajua Kwa Nini Nzige Huuacha Mwarobaini, na Kwa Nini Jibu Lilichukua Karibu Miaka 50?

Mwaka 1959 nzige wa jangwani walivamia Sudani, wakala kila kilichokuwa kibichi. Mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwapo. Alichokiona baada ya nzige kupita ni miti ya mwarobaini iliyobaki na majani yake yote. Wadudu walitua juu yake, kisha wakaruka zao bila kuila.

Kwamba mti huu una kitu ndani yake, wakulima wa Bara Hindi walikuwa wakilijua zamani. Sisi wa pwani tuliupa jina linalotokana na arobaini, kwa imani kwamba unatibu maradhi 40. Lakini kujua kwamba mti unafanya kazi ni jambo moja, na kujua ni nini hasa ndani ya mti kinachoifanya kazi hiyo ni jambo jingine. Kutoka la kwanza hadi la pili ni safari ya kemia, na katika maabara za kemia mikono inayoshika chupa kila siku, mara nyingi ni ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Kisa cha mwarobaini kinaonyesha vizuri kazi yao hiyo inavyopita kutoka tawi moja la kemia hadi jingine.

Kwanza, kukitafuta. Mbegu ya mwarobaini ina mafuta, protini, wanga na makumi ya vitu vichungu. Utajuaje ni kipi kinachomkataza nzige? Unamwuliza nzige mwenyewe. Mbegu zinasagwa na kulowekwa kwenye kimiminika kama alkoholi, kisha kile kilichoyeyuka kinagawanywa mafungu. Kila fungu linapakwa kwenye karatasi yenye sukari, anapewa nzige mwenye njaa. Fungu analolila linawekwa kando. Analolikataa linagawanywa tena, anapewa tena, hadi kibaki kitu kimoja safi. Mwaka 1968 David Morgan na J. H. Butterworth wa Keele, Uingereza, walitangaza kwamba wamekipata. Kikaitwa azadiraktini, kutokana na jina la kisayansi la mti, Azadirachta indica. Katika kilo nzima ya mbegu hupatikana gramu chache tu, lakini nguvu yake ni kubwa mno: nzige wa jangwani hususia chakula chenye azadiraktini hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni.

Njia hii ya kulifuata fungu lenye nguvu haitumiki kwenye mimea tu. Mwanafunzi wa uzamivu maarufu kuliko wote katika historia ya kemia, Marie Curie, aliitumia Paris miaka 70 kabla. Alikuwa akichemsha na kukoroga masalia ya madini ya urani, tani kwa tani, ndani ya banda bovu. Kila alipoyagawa mafungu, alipima ni lipi linatoa mnururisho mwingi zaidi, akaendelea na hilo. Kufikia 1902 alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radi (radi hapa ni elementi, radium, si ngurumo). Juni 1903 alitetea tasnifu yake, na mwaka huohuo haujaisha akatunukiwa Nobeli ya fizikia pamoja na mumewe Pierre na Henri Becquerel. Kazi ambayo kwa Curie ilifanywa na kipimo cha umeme, kwa Morgan ilifanywa na mdomo wa nzige.

Turudi kwenye mwarobaini. Kukipata kitu hakutoshi. Inabidi ujue molekuli yake imejengwaje, na hapa watu walikwama kwa miaka. Unga mweupe hausemi lolote kwa macho. Huyeyushwa na kuingizwa kwenye mashine yenye sumaku kubwa, ya ukoo mmoja na ile ya MRI ya hospitali. Ndani yake kila atomu ya haidrojeni hutoa ishara inayodokeza ina majirani gani. Mwanafunzi hukaa na karatasi zenye milima na mabonde ya ishara hizo, akijaribu kuunganisha nani yuko karibu na nani. Uzuri wake ni kwamba miligramu chache zinatosha, na ukimaliza kupima unazirudisha kwenye kichupa chako zikiwa kamili.

Azadiraktini ina kaboni 35, haidrojeni 44 na oksijeni 16, zote zimesongamana. Mwaka 1975 kundi la Koji Nakanishi wa Columbia, New York, lilichapisha mchoro wa umbo lake. Ulikuwa mchoro wa akili nyingi, lakini ulikuwa na kosa. Umbo sahihi lilipatikana kati ya 1985 na 1987, kwa kazi ya makundi ya Ujerumani, Uingereza na hilohilo la Nakanishi. Kilichosaidia kulithibitisha ni eksirei iliyopigwa kwenye fuwele ya molekuli ndugu, iliyotengenezwa kutokana na azadiraktini yenyewe.

Halafu likaja swali gumu kuliko yote: je, twaweza kuijenga wenyewe? Ndani ya molekuli hii kuna kaboni 16 ambazo kila moja yaweza kuelekea upande mmoja au wa pili, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto. Ukizidisha mbili 16 pamoja (2 × 2 × 2 na kuendelea) unapata maumbo 65,536. Mti wa mwarobaini hutengeneza moja tu kati ya hayo, na mkemia anatakiwa alipate hilohilo.

Steven Ley na wanafunzi wake walianza kazi hii Imperial College, London, wakaihamishia Cambridge. Iliwachukua miaka 22. Uzamivu ni miaka mitatu au minne, kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyeiona mwanzo hadi mwisho. Mmoja alikuja akajenga kipande, akaandika tasnifu, akaondoka. Aliyefuata alipokea kijiti pale alipoachia mwenzake. Tatizo lililowasumbua sana lilikuwa kuunganisha nusu mbili za molekuli kwenye kifungo kimoja kati ya kaboni namba 8 na namba 14, mahali palipobanana kiasi kwamba nusu hizo zilikuwa zikisukumana. Waliokuja mwanzo walishindwa hapo, na kushindwa kwao kuliwaonyesha waliofuata njia zipi wasizirudie. Mimi naona tasnifu za namna hiyo, zinazoeleza kwa uaminifu kipi kilikataa na kwa nini, zina thamani sawa na zile zilizofaulu. Mwaka 2007 walimaliza. Hata hapo, ili wapate vipande vya kutosha kwa hatua za mwisho, ilibidi waivunje azadiraktini ya mbegu halisi na kuitumia kama malighafi.

Wanabiokemia nao walikuwa wakifuatilia upande wa mdudu. Waligundua kwamba tunutu akiimeza azadiraktini, homoni inayomfanya ajivue ngozi ili akue huvurugika. Anakwama ndani ya ngozi yake ya zamani na kufa. Kwa hiyo nzige huuacha mwarobaini kwa ladha kwanza, na anayelazimisha kula hapati nafasi ya kukua.

Baada ya yote hayo, azadiraktini inayouzwa madukani kama dawa ya wadudu bado inakamuliwa kutoka kwenye mbegu. Mti unaitengeneza kwa urahisi ambao hakuna maabara iliyoukaribia. Lakini molekuli hii ina udhaifu wake: mwanga wa jua huivunja, na asidi kali au magadi huiharibu pia. Ndiyo maana mkulima anayetwanga mbegu za mwarobaini na kuziloweka usiku kucha kwenye maji hushauriwa achuje vizuri, asichanganye na majivu, na apulizie shamba lake jioni, jua likishapoa.