Malkia Isabella hakufungwa Castle Rising

Wanaotembelea Castle Rising, ngome ya Wanormani (watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066) huko Norfolk, Uingereza, bado husimuliwa kwamba Malkia Isabella, mjane wa Mfalme Edward II wa Uingereza, alifungiwa humo na mwanawe, Mfalme Edward III, hadi akarukwa na akili. Si kweli, na ni kumwonea mama yule.

Ni kweli kwamba mwaka 1330 mwanawe alimpokonya madaraka na kumnyonga Roger Mortimer, mwandani wa Isabella aliyetawala pamoja naye. Lakini baada ya muda mfupi Isabella alipewa posho ya pauni 3,000 kwa mwaka, fedha nyingi mno enzi hizo. Castle Rising ilikuwa mojawapo ya makazi yake. Alisafiri, akapokea wageni, na mfalme mwenyewe alikuja kumwona. Alifariki mwaka 1358 katika ngome ya Hertford, si hapa.

Jengo lenyewe linakanusha habari za gereza. Bwana mkubwa wa Kinormani, William d'Aubigny, alianza kulijenga mnamo 1138, baada ya kumwoa Adeliza, mjane wa Mfalme Henry I, na alitaka lionekane la kifahari. Panda taratibu ngazi pana za mawe, uangalie tao la mlango wa juu lilivyonakshiwa safu juu ya safu. Kisha zunguka juu ya matuta makubwa ya udongo yaliyolizingira.