Kilomita 300 si mpaka wa kisheria

Kwa mara ya tatu muhula huu, mwanafunzi amesimama darasani hapa Dodoma na kutamka kwa uhakika kwamba nchi yoyote yenye kombora linalovuka kilomita 300 imevunja mkataba wa kimataifa. Mkataba huo haupo.

Kilichopo ni Utaratibu wa Udhibiti wa Teknolojia ya Makombora, makubaliano ya hiari yaliyoanzishwa mwaka 1987 na nchi saba za viwanda. Leo una wanachama 35, na kutoka bara letu ni Afrika Kusini peke yake. Hauna wakaguzi wala mahakama, na haumkatazi mtu kumiliki kombora. Unamtaka mwanachama ajizuie kuliuza nje. Iran na Korea Kaskazini si wanachama, hivyo haziwezi kuuvunja. Vikwazo zilivyowekewa na Baraza la Usalama ni suala jingine kabisa.

Kinachonikera zaidi ni kuitaja 300 bila kilo 500. Kombora huingia kundi la kwanza, ambalo uuzaji wake hutarajiwa kukataliwa, likiweza kubeba angalau kilo 500 hadi umbali wa kilomita 300, yaani kupita kidogo safari ya barabara kutoka Dodoma hadi Morogoro. Vipimo hivyo viwili havitenganishwi, kwa sababu ukipunguza mzigo unaongeza masafa. Iraq ilichukua makombora ya Scud ya Kisovieti yenye masafa ya kilomita 300 hivi, ikapunguza uzito wa kichwa chenye vilipuzi, ikaongeza mafuta, na mwaka 1988 makombora hayo yakaipiga Tehran. Kwa hiyo ofisa makini wa vibali vya kuuza nje hasomi tu masafa yaliyoandikwa na kiwanda. Hukokotoa pia kombora litafika wapi likishapunguziwa mzigo.

Hata hivyo, imani yangu katika kipimo chenyewe imepungua. Kilo 500 zilikadiriwa kwa uzito wa kichwa cha nyuklia cha muundo rahisi, ilhali leo ndege isiyo na rubani yenye kilo makumi machache za baruti huteketeza ghala la mafuta lililo mbali zaidi ya kilomita 1,000. Mwaka 2020 Marekani iliamua peke yake kwamba ndege za aina hiyo ziendazo chini ya kilomita 800 kwa saa haitazihesabu tena katika kundi la kwanza, na hapakuwa na mahakama ambako mwanachama mwenzake angeweza kuipeleka.