Baada ya kufichua ufisadi kazini: maswali na majibu kuhusu afya ya akili

Mfichuzi ni mtu anayetoa habari za wizi, hongo au hatari aliyoiona mahali pake pa kazi. Anaweza kuwa karani wa ununuzi aliyegundua zabuni hewa, muuguzi aliyeona dawa za umma zikiuzwa, au dereva aliyeagizwa kusaini mafuta ambayo hayakuwekwa. Majibu haya ni yake, ni ya jamaa zake, na ni ya yeyote jijini Nairobi ambaye bado anajiuliza aseme au anyamaze.

Kwa nini aliyesema kweli ndiye anayekosa usingizi?

Kwa sababu ya siku zinazofuata ripoti. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo hukaza mwendo, misuli hukakamaa, macho huwa kodo. Mpango huo ni wa hatari ya dakika chache. Mfichuzi hukutana na hatari yake kila siku saa mbili asubuhi, wiki baada ya wiki, na mwili haupati nafasi ya kuzima king'ora.

Kisasi cha ofisini nacho huja vipande vipande. Meza yako inahamishiwa karibu na stoo. Unaondolewa kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara. Kompyuta inachukuliwa eti ikarekebishwe, na hairudi. Barua ya uhamisho inafika Ijumaa saa kumi na moja jioni, wakati hakuna wa kuulizwa. Kila kimoja kina maelezo yake, kwa hivyo ukilalamika unaonekana mtu wa kushuku watu. Hapo ndipo mtu huanza kutilia shaka akili yake mwenyewe, na shaka hiyo hula kuliko vitisho vya wazi. Wale waliomnong'onezea kwenye ngazi kwamba yuko sawa kabisa, mkutanoni wanaangalia simu zao.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafichuzi 27 wa Uholanzi ulikuta takriban asilimia 85 wakiwa na dalili kali za wasiwasi, huzuni, kutoamini watu au kukosa usingizi, na karibu nusu walikuwa wamefikia kiwango cha kuhitaji matibabu. Kundi hilo ni dogo, lakini hapa kwetu pia mifano ipo. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyesaidia kufichua kashfa ya Goldenberg (malipo ya serikali kwa mauzo hewa ya dhahabu) mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikamatwa, akafutwa kazi, na akafariki mwaka 2006 akiwa maskini. Sifa alizipata baadaye. Kazi hakurudishiwa.

Nitajuaje kwamba ni uchovu tu au nahitaji daktari?

Angalia muda, na uangalie maisha yako ya kila siku. Wiki mbili za kwanza za usingizi wa mang'amung'amu, hasira za haraka na kukosa hamu ya chakula ni jambo la kutarajiwa. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukizidi wiki mbili mfululizo, nenda ukaonwe. Hali kadhalika ikiwa picha za tukio fulani, kwa mfano siku uliyotolewa ofisini ukisindikizwa na mabawabu, zinakurudia bila kuitwa kwa zaidi ya mwezi.

Dalili nyingine hujificha kwenye mazoea. Mtu anayepanda matatu ya Donholm anaanza kukaa kiti cha nyuma kabisa ili aone kila anayeingia, na anashuka stegi moja kabla ya yake. Saa tisa usiku anafungua simu kusoma tena ripoti aliyoituma, akitafuta kosa. Watu wengi hufika kliniki kwanza kwa sababu ya tumbo, kichwa au presha, wanapewa dawa za vidonda vya tumbo, na habari za kazini hazitajwi kabisa. Zitaje. Mhudumu akijua, atakupa dodoso la maswali 9 la kupima mfadhaiko linaloitwa PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili na huchukua dakika chache. Alama zake ni 0 hadi 27, na kuanzia 10 mhudumu hutakiwa kukuchunguza zaidi.

Wakubwa wameanza kusema nina matatizo ya akili. Itakuwaje nikienda kliniki?

Nenda. Hila hii ni ya zamani, na imewanyima watu wengi matibabu waliyoyahitaji. Stakabadhi ya malipo hewa inabaki kuwa ya malipo hewa hata kama aliyeitoa analia usiku.

Lakini nenda kwa mhudumu uliyemchagua mwenyewe, asiyelipwa na mwajiri wako. Kama kampuni ina mshauri wake, muulize kwa maandishi ni nani atakayesoma kumbukumbu zako. Mwajiri akikuagiza ukapimwe akili, omba barua inayoeleza sababu, nani atapokea matokeo na yatatumiwa vipi, kisha mwonyeshe wakili kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Na kwa mshauri huhitaji kupeleka nyaraka wala majina: mweleze unavyolala, unavyokula, unavyoogopa. Hayo yanamtosha kuanza.

Usiku ndio mbaya zaidi. Nifanye nini?

Ipe kesi saa yake. Chagua nusu saa, tuseme saa kumi na mbili jioni, ukae mezani (usikae kitandani) uandike na upige simu zote za kesi. Nusu saa ikiisha, funga daftari. Wazo likija saa nne usiku, andika neno moja kwenye karatasi na uliambie lisubiri kesho. Watu huona jambo hili kama mchezo wa watoto, lakini likirudiwa siku kumi au kumi na nne akili huzoea kwamba kitanda hakina mkutano.

Chai ya majani na kahawa ziishie saa nane mchana, kwa kuwa kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala saa kumi. Ukikaa kitandani kama dakika 20 macho makavu, toka, kaa kwenye kiti palipo na mwanga hafifu, urudi usingizi ukikujia. Simu ilale sebuleni. Kama ni lazima upatikane, acha namba ya mtu mmoja tu iweze kuita.

Moyo ukianza kwenda mbio ghafla na ukahisi kama unakufa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, uendelee kwa dakika tano. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi kisha hushuka. Ikiwa ni mara yako ya kwanza, au maumivu ya kifua yanashuka mkononi, kimbilia hospitali ukaangaliwe moyo.

Pombe hulaza haraka na kuamsha saa nane usiku, ikiwa imevuruga usingizi wenyewe. Vidonge kama diazepam usinunue dukani kwa siri: vikitumiwa zaidi ya wiki chache mwili huvitegemea. Dawa za mfadhaiko ni kitu kingine. Hazileweshi, huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla. Wengi huziacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa, kumbe zilikuwa hazijaanza.

Nimeambiwa niandike kila kitu, lakini kuandika kunaniumiza zaidi.

Huenda unaandika mambo mawili katika daftari moja. Tumia mawili. La kwanza ni la matukio: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini kwa maneno yake, nani alikuwepo. Mistari mitano inatosha, bila hisia, maana wakili au mahakama inaweza kulitaka. La pili ni la mwili: ulilala saa ngapi, ulikula nini, hofu ya leo ni ngapi kati ya kumi. Hilo ni lako na la daktari wako. Anayechanganya hujikuta akisoma matusi aliyotukanwa Machi kila mara anapotafuta tarehe ya Juni, na jeraha linafunguka upya. Usiliweke lolote kwenye kompyuta ya ofisi. Nyaraka halisi za kazini usizibebe kwenda nyumbani kabla ya kuzungumza na wakili.

Bado sijaripoti. Nijiandae vipi?

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote hapa, na huulizwa na wachache. Msaada wa akili unaotafutwa kabla ya ripoti unaweza kufaa zaidi kuliko unaotafutwa baada ya kufutwa kazi, kwa kuwa mshauri anakuwa amekuona ukiwa mzima.

Tafuta watu watatu: wakili, mhudumu wa afya ya akili, na rafiki asiye wa ofisini. Hesabu kodi ya nyumba na karo za miezi mitatu, uone ziko wapi. Soma bima yako ya afya: ikiwa inaisha siku kazi inapoisha, weka miadi sasa, na hakikisha michango yako ya SHA (bima ya afya ya umma) haikatiki. Kisha chagua mlango. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) hupokea ripoti zisizo na jina mtandaoni, na ina simu ya bure 1551. Usitumie kompyuta wala intaneti ya ofisi.

Kumbuka pia mipaka ya sheria. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamwadhibu anayemtisha mfichuzi kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Inaadhibu, lakini haikuletei mshauri nyumbani. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye mamlaka kuripoti hongo ndani ya saa 24, kwa hivyo msimamizi anaweza kujikuta mfichuzi bila kupata hata siku ya kufikiri. Mtu kama huyo apigie mshauri simu siku hiyo hiyo.

Hapa Nairobi niende wapi?

Kwa kuanza, simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, ina washauri. Kwa matibabu, Hospitali ya Mathari kwenye barabara ya Thika na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta zina madaktari wa akili. Mshauri wa kibinafsi muulize kama amesajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, anatoza kiasi gani, na ni mambo gani hawezi kuyafanya siri. Kwa msaada wa sheria bila malipo, Kituo Cha Sheria husaidia wasio na uwezo, na Transparency International Kenya ina kituo cha ushauri kwa walioathiriwa na ufisadi.

Wazo la kujiua likija, usikae peke yako hata saa moja. Ita mtu, mpe dawa na chochote cha hatari azihifadhi mbali, mwende pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Usihofu polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Mke wangu anasema nilijitakia. Ana makosa?

Ana hofu. Anaishi na hatari ambayo hakuichagua, na watu wanamwimbia kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hiyo haifai hapa, kwani aliyeshika mwiba ni mwingine. Mpe mke wako anachohitaji kujua: pesa zilizobaki, tarehe za kesi, na nini mtafanya mtu akibisha mlango usiku. Yasiyo ya lazima mpe mshauri.

Kwa upande wake, maneno mawili matatu husaidia kuliko ushauri: "Baba Njeri, nakuamini. Umekula?" Watoto waambiwe kweli fupi, kwamba baba ana shida kazini, si kosa lao, na shule inaendelea. Wakiona watu wazima wananong'ona bila kuambiwa lolote, hudhani wao ndio chanzo.

Mimi ni mwenzake ofisini na naogopa kuonekana upande wake.

Kaa naye kwenye chai ya saa nne. Usizungumzie kesi.

Nikishinda kesi nitapona?

Usitegemee hivyo. Madai ya kufutwa kazi isivyo haki hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na fidia chini ya Sheria ya Ajira haizidi mishahara ya miezi 12. Wapo wanaojizuia kwa miaka wakisubiri hukumu, halafu huanguka wiki ile ile inaposomwa, hata wakishinda, kwa sababu mwili umeachia kamba uliyokuwa umeishika muda wote. Kwa hiyo mara tu tarehe ya hukumu ikitajwa, mpigie mshauri wako na uweke miadi ndani ya siku saba baada yake. Umwombe pia yule rafiki asiye wa ofisini alale kwako usiku huo.