Je, wajua kwa nini bingwa wa baiskeli huligombea jiwe kuliko fedha?

Kijiwe cha fundi baiskeli ninachokizungumzia kiko chini ya mwembe, si mbali na stesheni ya reli hapa Tabora. Ilikuwa wiki ile ya Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Simu ya kijana mmoja ilikuwa imeegemezwa kwenye boksi la spana ili wote tuone. Fundi alikuwa ameipindua baiskeli ya mbeba mkaa, magurudumu juu, anazungusha ringi taratibu huku kidole gumba kikiwa karibu na ukingo wake, anatafuta inapoyumba. Bila kuinua macho akaniuliza: "Mwanangu, hizi mbio za siku moja, ipi ndiyo kubwa, na ukubwa wake unatoka wapi?"

Nikajibu bila kusita kwamba ni fedha. Mbio kubwa ni ile inayolipa zaidi. Niliamini hivyo kwa miaka, na nadhani wengi wanaamini hivyo hadi leo, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuipima michezo. Jibu hilo si sahihi, na lilivyo mbali na ukweli ndiko kulikonifanya niendelee kulifuatilia jambo hili.

Tazama hesabu yenyewe. Mshindi wa jumla wa Tour de France, mbio za wiki tatu, hupata euro 500,000. Mshindi wa Paris–Roubaix, mbio za siku moja ambazo wengi huzitaja mwanzo kabisa, hupata euro 30,000. Anayeshinda mashindano ya dunia kama yale ya Kigali hapati hata euro 10,000. Kwa nyota wa siku hizi hizo ni fedha ndogo, kwani mshahara wa timu yake unazizidi mbali. Lakini Aprili 2025 Tadej Pogačar wa Slovenia, akiwa tayari ameshinda Tour de France mara tatu, alikwenda kushindana Paris–Roubaix kwa mara ya kwanza, kwenye barabara za mawe ambazo zingeweza kumvunja mfupa na kumharibia msimu mzima. Alianguka, akainuka, akamaliza wa pili nyuma ya Mathieu van der Poel wa Uholanzi. Hakuna hesabu ya fedha inayoeleza kwa nini alikwenda. Kombe la mbio hizo lenyewe ni jiwe la barabarani, limekatwa mraba, limewekwa juu ya kitako. Mshindi hulinyanyua kwa mikono miwili kwa sababu ni zito kweli.

Nilipoona fedha si jibu, nikakimbilia umri. Napo nilikosea. Milano–Torino ya Italia ilianza 1876, mapema kuliko mbio zote kubwa zinazoendelea leo, na bado haimo katika zile tano za siku moja zinazoheshimiwa kuliko zote. Paris–Tours ilianza 1896, mwaka uleule wa Paris–Roubaix, na leo hadhi yake iko chini sana ya mwenzake. Basi labda ni urefu wa njia? Bordeaux–Paris ilianza 1891, ikawa na zaidi ya kilomita 550, watu wakiondoka usiku na kupiga pedeli hadi mchana. Kwa urefu iliziacha mbali sana mbio za siku moja za leo. Ilikufa baada ya 1988.

Hizo tano zenyewe ni Liège–Bastogne–Liège ya Ubelgiji (1892), Paris–Roubaix ya Ufaransa (1896), Lombardia ya Italia (1905), Milano–Sanremo (1907), na Flanders ya Ubelgiji (1913). Huitwa Minara ya Kumbukumbu, jina lililokuja baadaye sana, heshima ikiwa imeshakuwepo. Nyingi zilizaliwa na magazeti yaliyotaka kuuza nakala. Njia ya Liège iligeuzia Bastogne kwa sababu treni ilifika huko, hivyo wasimamizi waliweza kuwahi na kuwahesabu washindani. Mtu wa Tabora, mji wa njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza, hahitaji kuelezwa zaidi jinsi reli inavyoamua nani apite wapi.

Sasa tuje kwenye kiini. Mfano ulionifungua macho uko hapahapa kwetu.

Katika karne ya 19 vijana wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi. Safari hiyo ilimpa kijana jina la utu uzima, na ujira peke yake haukutosha kumpa jina hilo. Kati ya Unyamwezi na Ugogo kulikuwa na pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali, mahali ambapo maji yalikuwa haba na msafara ulilazimika kwenda mwendo mrefu bila kupumzika. Kila mpagazi alipita pale. Baba alikuwa amepita, na babu kabla yake. Kwa hiyo kijana aliporudi na kusema "nimevuka Mgunda Mkali", hakuhitaji kueleza mengi, maana wazee waliomsikiliza walikuwa na kiu ileile kwenye kumbukumbu zao. Pori lingehama kila mwaka, wasingekuwa na namna ya kumlinganisha na waliomtangulia.

Mbio za siku moja hujengwa hivyohivyo. Paris–Roubaix ina kilomita karibu 260, na kati ya hizo zaidi ya 50 ni barabara za mashambani zilizopangwa mawe. Kila kipande kina jina lake. Kinachoogopwa zaidi ni cha msitu wa Arenberg, kilichoingizwa 1968 kwa pendekezo la Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa zamani aliyewahi kufanya kazi katika mgodi wa makaa chini ya msitu huohuo. Mawe yale yakichakaa, kuna chama cha wapenzi wa mbio hizo ambacho huyapanga upya, jiwe kwa jiwe, yabaki mabaya vilevile. Popote pengine barabara hutengenezwa ipitike kwa raha. Pale watu hujitolea kuhifadhi ubovu! Jambo hili bado linanishangaza.

Ubovu ule ndio kipimo. Mtu akipita Arenberg mwaka huu, analinganishwa na Roger De Vlaeminck aliyeshinda mara nne miaka ya 1970, na Tom Boonen aliyefikisha nne mwaka 2012. Hata Bernard Hinault, aliyeshinda Tour mara tano na ambaye hakuficha kwamba hazipendi mbio hizi, aliona hana budi kwenda, na 1981 akashinda. Ushindi wake nao ukaziongezea mbio hizo uzito. Mbio humpa mshindi jina, na mshindi mkubwa naye huziachia jina lake, mwaka baada ya mwaka. Kule Roubaix, karibu na uwanja wanakomalizia, kuna bafu la zamani lenye vijumba vya saruji visivyofika kimo cha mtu, na kila kijumba kina kibao cha shaba chenye jina la mshindi. Mtu anaoga matope akiwa amesimama kwenye jina la aliyemtangulia.

Siku kuwa moja tu nako kunachangia. Kwenye wiki tatu, ukipata pancha leo utafidia kesho. Huku hakuna kesho hadi mwaka ujao.

Nisingekuwa mkweli nikisema njia isiyobadilika inaeleza kila kitu. Flanders ilihamisha mwisho wake 2012, ikakiacha kilima cha Geraardsbergen kilichokuwa kikiamua mshindi. Mashabiki walilalamika sana, lakini hadhi haikuanguka. Lombardia ni mfano mgumu zaidi, maana humalizia mara Como, mara Bergamo. Kinachoishikilia, kwa maoni yangu, ni kilima cha Ghisallo, ambako kuna kanisa dogo la Mama Maria aliyetangazwa na Papa Pius XII mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani yake baiskeli za mabingwa zimetundikwa ukutani. Mwisho unaweza kuhama ilimradi Mgunda Mkali wake upo. Mashindano ya dunia yako mbali zaidi na maelezo yangu, kwani njia yake ni mpya kila mwaka. Yale hubebwa na jezi ya upinde wa mvua, ambayo mshindi huivaa mwaka mzima kila anapokwenda. Kigali iliwapa kilomita 267.5 za vilima, wakamaliza 30 tu, na Pogačar akaitwaa jezi hiyo tena.

Kwa upande wetu wa dunia, siku ya kukumbukwa ni ya Machi 2022, Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda Gent–Wevelgem, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa ya mawe. Haimo katika zile tano. Lakini imekuwepo tangu 1934, ina kilima chake chenye jina, Kemmelberg, na orodha ya washindi wake inaanzia kwa watu waliokufa zamani. Sasa orodha hiyo ina jina la Asmara ndani yake.

Nilimweleza fundi haya yote siku nyingine, si siku ile. Mbeba mkaa mmoja alikuwa amekaa pembeni akisubiri spoku mbili, akadakia kwamba njia yao nayo ina bonde la mchanga, na anayelipita bila kushuka na magunia mawili kwenye keria, kijiji kizima kinajua. Fundi aliuliza kitu kimoja tu: ringi zinaponaje kwenye mawe hayo? Nikamwambia haziponi zote, ndiyo maana timu huweka watu kando ya njia, kila kipande kinapoishia, wameshika magurudumu ya akiba mikononi.

Akaacha kuzungusha gurudumu. "Kumbe mafundi wapo njiani," akasema, kisha akataka kujua wanasimama upande gani wa barabara.