Je, wajua? Kwa nini kushusha pumzi hutuliza moyo

Mtu akishikwa na wasiwasi, waliomzunguka humpa ushauri uleule: "Vuta pumzi ndefu." Msimamizi wa mtihani huwaambia watahiniwa, mkunga humwambia mama anayejifungua, kocha humwambia mpiga penalti. Ushauri una faida yake. Tatizo ni maelezo yanayofuatana nao, kwamba pumzi ndefu huongeza oksijeni na ubongo hutulia kwa kushiba hewa. Maelezo hayo si sahihi, na anayeyaamini mara nyingi hufanya kinyume cha kinachohitajika: huvuta hewa nyingi, kwa nguvu na kwa haraka, halafu hushangaa mbona moyo unazidi kwenda mbio.

Tuanze na hiyo oksijeni. Ukifika hospitali, muuguzi hukubana kidoleni kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Kifaa hicho hukadiria ni sehemu gani ya himoglobini, yaani kibebaji cha oksijeni katika damu, imekwisha kubeba oksijeni. Mtu mwenye afya anayeishi pwani au kwenye nyanda za chini, akiwa ameketi tu, kwa kawaida husoma kati ya asilimia 95 na 100. Anayesubiri usaili wa kazi huku viganja vikimtoka jasho naye husoma hivyohivyo. Damu yake haina pengo la oksijeni la kuzibwa. Hata akivuta hewa mpaka mbavu zimuume, himoglobini iliyokaribia kujaa haina nafasi ya kubeba mzigo mwingine wa maana.

Kinachobadilika haraka mtu anapohema ni hewa ukaa. Shuleni tulifundishwa kuiona kama taka ya kutupwa nje, na ni kweli ni taka, lakini mwili huiweka damuni kwa kipimo na huitumia kama kiashiria. Hamu ya kupumua unayoisikia ukijibana pumzi hutokana hasa na kupanda kwa hewa ukaa, kwa kuwa kushuka kwa oksijeni huchelewa kusikika. Ndiyo maana ni hatari kubwa kuhema harakaharaka mara nyingi kabla ya kupiga mbizi. Anayefanya hivyo huamini anaweka akiba ya oksijeni, kumbe anaifuta hewa ukaa ambayo ingemwonya. Chini ya maji oksijeni humwishia kabla hajasikia haja ya kuibuka, akazimia. Waogeleaji hodari wamekufa kwa namna hii, wakiwa karibu kabisa na uso wa maji.

Nchi kavu, kuhema kupita kiasi hakuui mtu mwenye afya, ila humtesa. Hewa ukaa ikishuka, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa na damu inayofika huko hupungua. Kizunguzungu huja, ganzi huingia vidoleni na kuzunguka midomo, kifua hubana. Mwenye hofu akizisikia dalili hizo hudhani ndiyo mwisho wake, huhema zaidi, na dalili huongezeka. Aliyekuwa akiutafutia ubongo hewa amekwisha kuupunguzia damu. Ule ushauri wa zamani wa kupumulia kwenye mfuko wa karatasi ulilenga kuirudisha hewa ukaa hiyo, lakini usiufuate: mtu aliyebanwa na pumu au mwenye shambulio la moyo anaweza kuonekana vivyo hivyo kwa nje, na huyo oksijeni anaihitaji kwelikweli.

Basi utulivu unatoka wapi? Jipime mwenyewe sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Ukiwa makini utasikia kwamba wakati wa kuvuta mapigo hukaribiana, na wakati wa kutoa hupeana nafasi. Kwa vijana tofauti hiyo huwa wazi, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Si ugonjwa. Mjerumani Carl Ludwig aliinakili kwa mashine yake tangu mwaka 1847, na leo madaktari huihesabu kuwa dalili njema.

Mhusika mkuu hapa ni neva ya vagasi. Hutoka kwenye shina la ubongo, hupita shingoni, hutuma matawi moyoni na mapafuni, kisha huteremka hadi tumboni. Moyo una chanzo chake wenyewe cha mapigo, na ungeachwa bila kuongozwa na neva yoyote ungepiga kama mara 100 kwa dakika. Hili huonekana kwa watu waliopandikizwa moyo: neva zimekatwa wakati wa upasuaji, na moyo mpya hupiga kama mara 90 hadi 110 hata mgonjwa akiwa amepumzika. Sisi wengine tukipumzika mapigo mara nyingi huwa 60 hadi 80, kwa sababu vagasi inauzuia moyo saa zote.

Wafikirie wale vijana wa Burundi wanaoteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka milimani hadi Bujumbura. Mzigo na mteremko vinatosha kuikimbiza baiskeli, pedali haina kazi. Mkono wa dereva uko kwenye breki njia nzima, umebana kiasi. Akitaka kasi huulegeza, akitaka kupunguza huubana. Moyo ndio huo mzigo, na vagasi ndiyo huo mkono. Kila unapovuta pumzi, sehemu ya shina la ubongo inayoongoza upumuaji huzinyamazisha kwa muda seli za vagasi ziendazo moyoni, na breki hulegea. Unapoitoa, seli zile huachiwa tena na breki hubana. Anayevuta kwa muda mrefu na kutoa kwa mkato hutumia sehemu kubwa ya dakika breki ikiwa imelegea. Anayevuta kwa kiasi na kutoa taratibu huiacha breki imebanwa kwa muda mrefu zaidi. Faida ya ile "pumzi ndefu" imekaa zaidi katika nusu yake ya pili, ambayo washauri wengi hata hawaitaji.

Vagasi hubanaje? Jibu lilipatikana Graz, Austria, mwaka 1921, kwa njia ya kushangaza. Mwanasayansi Otto Loewi alisimulia mwenyewe kwamba jaribio lilimjia ndotoni, akaamka akaliandika kwenye kipande cha karatasi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo lilirudi. Safari hii hakungoja kukuche, alikwenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya chura iliyokuwa ikipiga ndani ya maji ya chumvi, akaisisimua vagasi ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, kisha akahamishia maji yake kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna neva yake iliyoguswa. Vagasi ilikuwa imemwaga kemikali. Leo tunaiita asetilikolini, na Loewi pamoja na Henry Dale walitunukiwa Nobeli mwaka 1936.

Asetilikolini hufanya kazi papo hapo na huvunjwa papo hapo, ndiyo maana vagasi inaweza kuubadilisha moyo kati ya pigo moja na jingine. Homoni za mshtuko hazina wepesi huo. Adrenalini huhitaji dakika kadhaa ili ipungue damuni, na kotisoli hubaki damuni kwa muda mrefu zaidi, hata zaidi ya saa nzima. Pumzi moja hushusha mapigo kwa muda wa pumzi hiyohiyo. Anayesema amejaribu mara moja na haikusaidia anasema kweli, ila hakuipa damu yake nafasi ya kusafishika.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha kila ninapolirudia. Shingoni na kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni kuna vihisi vinavyopima shinikizo la damu. Shinikizo likipanda huuamuru moyo upunguze mwendo, likishuka huuamuru uongeze, na mzunguko mzima wa marekebisho hayo huchukua kama sekunde 10. Ukipumua mara 6 kwa dakika, kila pumzi nayo inachukua sekunde 10. Mizunguko miwili hukutana, na mabadiliko ya mapigo huwa makubwa kuliko kwa mwendo wowote mwingine. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini, na vilevile kukariri mantra ya yoga, yaani maneno machache yanayorudiwarudiwa, huwafikisha watu karibu na mwendo huohuo wa pumzi 6 kwa dakika. Hawakuambiwa wahesabu chochote. Urefu wa maneno uliwaongoza.

Anayejua madrasa, kwaya au taarabu atalitambua jambo hili mara moja. Msomaji wa Kurani hujizoeza kufika mahali pa kusimama bila kukata aya ovyo. Mwanakwaya huvuta hewa upesi na kuitumia kidogokidogo mpaka mwisho wa mstari. Wote wanatoa pumzi kwa muda mrefu kuliko walivyoivuta, tena kwa dakika nyingi mfululizo. Mwaka 2013 watafiti wa Göteborg, Sweden, waliwapima vijana wachache wakiimba pamoja, wakaona mapigo yao yanapanda na kushuka kwa pamoja, hasa nyimbo zilipokuwa za mwendo wa taratibu. Walikuwa wachache mno kwa mtu kudai makubwa, lakini maelezo yanaingia akilini: walioimba pamoja walipumua pamoja.

Kushusha pumzi kwenyewe, yaani kuvuta hewa kwa kina kisha kuiachia, mwili hufanya bila kuombwa, kwa wastani kama mara 12 kwa saa, ili kuvifungua vifuko vidogo vya mapafu vilivyosinyaa. Mwaka 2016 maabara za Jack Feldman na Mark Krasnow huko California zilitambua kundi dogo la seli za ubongo zinazoamuru tendo hilo kwa panya. Mwaka uliofuata kukaja tokeo la ajabu zaidi: panya walioondolewa seli fulani zinazounganisha kituo cha upumuaji na kituo cha kuamsha ubongo waliendelea kupumua vizuri, ila wakawa watulivu kupita kawaida, wakikaa na kujisafisha manyoya. Inaelekea upumuaji huzungumza na ubongo kwa njia zaidi ya moja. Hao ni panya, hata hivyo, na kutoka kwao hadi kwa mama lishe aliyechoka na madeni kuna hatua nyingi.

Kwa binadamu, ushahidi wa athari kwenye moyo ni imara. Ushahidi wa athari kwenye hisia kwa wiki nyingi ni mwembamba zaidi. Mwaka 2023 utafiti wa Stanford uliwahusisha watu zaidi ya mia moja kwa dakika 5 kila siku, mwezi mzima. Waliovuta pumzi mara mbili mfululizo puani kisha wakaishusha taratibu kwa mdomo walipata ongezeko kubwa la hisia njema kuliko waliotafakari kimya. Lakini wasiwasi ulipungua katika makundi yote, karibu sawa. Mwaka huohuo watafiti wa Sussex, Uingereza, waliwalinganisha watu 400: nusu walipumua kama mara tano na nusu kwa dakika, nusu mara 12. Baada ya wiki nne hawakuona tofauti. Kwa maoni yangu, sehemu ya nafuu hutokana na kukaa chini tu, kuacha simu na kuisikiliza pumzi yako, kwa mwendo wowote ule.

Ukitaka kujaribu, keti, legeza mabega, vuta hewa puani kwa hesabu ya nne bila kujaza kifua, kisha itoe kwa hesabu ya sita. Fanya hivyo kwa dakika 5. Ukisikia kizunguzungu unavuta hewa nyingi mno, punguza kiasi. Kama hesabu inakukera, imba kwa sauti ya chini au vumisha tu ukiwa umefumba mdomo. Mwenye huzuni isiyoisha au hofu inayomzuia kufanya kazi anahitaji mtaalamu, na zoezi hili liwe nyongeza. Na kifua kikiuma, pumzi ikikatika ukiwa umeketi, au upande mmoja wa mwili ukiingia ganzi, usikae kuhesabu: nenda hospitali mara moja.